Parokia Isiyokataa Mtu

Thornhoe, 12 Januari 1784

Kwa Msimamizi wa Maskini, Parokia ya Ormsea

Muungwana,

Naambatisha amri ya mahakimu wawili ya kumhamisha Tamar Thurlow, mjane wa miaka sitini na minane, kutoka parokia yetu kuja kwenu. Mama huyu ameishi Thornhoe miaka hamsini, lakini kuishi mahali si kuwa mtu wa mahali. Marehemu mumewe alizaliwa hapa na baba aliyetoka Ormsea, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupata haki ya makazi kwingine. Mke humfuata mume, na mume humfuata baba. Kwa hiyo ni wenu.

Alikuwa akijikimu kwa kusokota sufu mpaka vidole vyake vilipokufa ganzi kwa baridi ya mwaka huu. Tarehe tatu alikuja mlangoni kwangu kuomba mkate na kuni. Angevumilia asiombe, tungemwacha. Lakini aliomba, na sheria inasema anayeomba arudishwe kwao.

Najua mtakata rufaa, maana kila parokia hukata. Jueni tu kwamba ushahidi wetu umekamilika, na mwanasheria wetu si wa kuchezewa.

Silas Pask
Msimamizi wa Maskini, Thornhoe


Ormsea, 19 Januari 1784

Bwana Pask,

Amri yako imefika na nimeisoma mezani kwa sauti, mbele ya watu wote. Hatukati rufaa. Mleteni.

Mahali pake pako tayari na bakuli lake limeshaoshwa. Kama Thornhoe ina wengine wanaowalemea kuwalisha, chunguzeni vizuri babu zao. Huenda mkakuta kwamba nao ni wetu.

Tafadhali mwambieni Bibi Tamar avae kitu kizito. Kipande cha mwisho cha barabara kina upepo, na mkokoteni hauwezi kufika mlangoni. Nitamngoja kwenye jiwe la mpaka.

Jabez Crane
Msimamizi wa Maskini, Ormsea


Harnwick, 16 Februari 1784

Bwana Crane,

Hunijui. Mimi ni Keziah Thurlow, mpishi kwa Bibi Loveday hapa mjini Harnwick, na Tamar Thurlow ni mama yangu mzazi. Kwamba amehamishwa nimekuja kujua Jumapili iliyopita, tena kwa mwanamke aliyenunua gurudumu la kusokotea la mama. Alikuwa akilisifia gurudumu lile mbele yangu kwamba linazunguka vizuri. Nilimwendea Bwana Pask kumuuliza kwa nini hakuniarifu. Akaniambia, "Barua hulipiwa, binti."

Basi nilimtafuta Mzee Obadiah, mwenye mkokoteni uliompeleka mama huko. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana yananinyima raha. Anasema alimshusha kwenye jiwe. Hakuona nyumba hata moja, ila mnara wa kanisa na nusu ya kanisa lenyewe, na nyuma yake bahari. Alikuwepo mwanamume mmoja tu, hana kofia, amesimama kwenye mvua. Akamshika mama mkono, akamtaja jina lake kamili kama anayemfahamu tangu utotoni, wakaenda zao.

Obadiah akageuza farasi. Alipotazama nyuma, alimwona mama akiinamisha kichwa, mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayepita katikati ya watu akiwasalimia. "Na barabara ilikuwa tupu, Kezi," akaniambia. "Tupu kama kiganja changu hiki."

Bwana, mama yangu ni mzima wa akili. Naomba unijulishe analala wapi, anakula nini, na nani yuko naye. Hajui kuandika. Muulize mwenyewe, uniandikie maneno yake bila kuyarembesha.

Keziah Thurlow


Ormsea, 24 Februari 1784

Binti yetu Keziah,

Baada ya salamu, mama yako hajambo. Analala karibu na moto. Nilimsomea barua yako mara mbili, akaniamuru niandike asemavyo, nisiongeze wala nisipunguze. Anasema hivi:

"Kezi mwanangu, acha kulia, najua unalia. Mzee huyu anapika vibaya lakini anapika kingi. Uji wa shayiri asubuhi, mchana supu na samaki wa moshi. Nimemwambia chumvi si mchanga, asitie kwa koleo. Ananinunia kidogo halafu anapunguza.

Watu wa hapa ni wapole, hawana maneno mengi. Wananipisha nikae karibu na moto. Kitu kimoja tu kinanisumbua: nguo zao zina unyevu wakati wote, hata siku ya jua, na hawakauki. Kuna mmoja ana mtoto mchanga. Nilimwambia, mwenzangu, nipe nikubebee, upumzishe mikono. Akanitazama sana, kisha akanipa. Mtoto mwepesi, Kezi. Mwepesi kama kikapu kitupu.

Thornhoe miaka hamsini, na siku nilipoondoka hakuna aliyetoka mlangoni. Hapa kila mchana jina langu linasomwa, nami naitika."

Hayo ndiyo maneno yake. Kwa upande wangu nakuomba usihangaike. Kwa kuja kwake tumetimia arobaini. Tumebakiza mmoja tu, naye yuko njiani.

Jabez Crane


Harnwick, 5 Machi 1784

Bwana Crane,

Barua yako nimeisoma jikoni nimesimama, mpaka maziwa yakamwagika motoni. Sauti ni ya mama. Hayo ya chumvi hakuna mwingine duniani awezaye kuyasema. Kwa hiyo naamini yu hai na anashiba, na kwa hilo nakushukuru.

Lakini watu arobaini wanalala wapi mahali pasipo na nyumba? Na huyo aliye njiani ni nani? Katika mji huu nimeuliza kwa kila mtu anayejua pwani. Muuza samaki ananiambia, "Ormsea? Ormsea ilishakwisha, dada. Bahari ilianza kula barabara ya chini nikiwa kijana." Nikamwambia nina barua ya msimamizi wake. Akafuta mikono yake na kuniuliza kama nataka samaki au sitaki.

Sitaki mama akae huko. Nimepata chumba juu ya karakana ya fundi wa matandiko ya farasi, kina jiko dogo na dirisha. Nitamtunza mwenyewe. Ninachohitaji kwako ni cheti cha makazi, cha kusema kwamba parokia yako inamtambua kuwa mtu wake, na siku akiwa mzigo Harnwick mtampokea. Bila cheti hicho, wasimamizi wa hapa watamrudisha siku atakayokohoa. Ni karatasi moja tu, bwana. Parokia nyingine hutoa.

Keziah Thurlow


Ormsea, 14 Machi 1784

Binti Keziah,

Umeomba kitu ambacho sijampa mtu yeyote kwa miaka kumi na tisa. Hakuna atokaye Ormsea. Naona ni haki nikueleze sababu, kisha unihukumu.

Mwaka 1765 nilikuwa bado na nguvu zangu, na nilisifika wilaya nzima kwa kushinda kesi za makazi. Alikuja mwanamke, Hester Voss, mjamzito. Parokia ya jirani ilisema ni wetu. Nikakata rufaa, nikashinda, nikamrudisha. Wao wakapata shahidi mpya, wakamleta tena. Akajifungua kwenye mkokoteni, kati ya huku na kule. Nikapata kasoro kwenye amri yao, tarehe ilikosewa, nikamrudisha mara ya pili, mtoto akiwa na wiki sita. Mimi mwenyewe nilimpandisha. Aliniuliza, "Bwana, safari hii ni ya mwisho?" Nikamwambia, "Ya mwisho."

Wenzetu hawakumfungulia. Alirudi kwa miguu kwenye theluji. Tulimkuta asubuhi kwenye jiwe la mpaka, yeye na mtoto. Na kwa sababu hakuna parokia iliyotaka kulipia kaburi, tulisimama pale wanaume wanane, wanne wao na wanne wetu, tukapima. Nakuapia, binti. Tulipima kwa kamba mwili ulilalia wapi. Kichwa kilikuwa upande wetu.

Siku hiyo nilimwandika kwenye daftari, na mchana nikalisoma jina lake mezani kwangu, kwa toba. Akaitika.

Tangu hapo sijamkataa mtu. Parokia zote zilipojua, zilituletea vilema, vikongwe, waliopungukiwa na akili. Niliwapokea wote. Kisha bahari ikaanza kuja. Waliokuwa na mashamba kwingine walihama. Wasio na kwingine walibaki. Wengine walikufa kwa homa, wengine walikwenda baharini na nyumba zao. Sikufuta hata jina moja. Kila mchana nawaita na kila mchana wanaitika. Nikimpa mama yako karatasi ya kuondoka, wengine wataniuliza nini?

Jabez Crane


Harnwick, 22 Machi 1784

Bwana Crane,

Kwa hiyo unaniambia mama yangu anakula na wafu.

Sijui kama wewe ni mgonjwa au ni mtu mwema kupita kiasi. Yote mawili nayahurumia. Ila nisikilize. Huyo Hester alikufa kwa sababu wewe na wenzako mlimsogeza bila kumuuliza anataka kuwa wapi. Mama yangu naye amesogezwa bila kuulizwa. Umemuuliza? Kama hujamuuliza, basi bado ni yule yule mshinda kesi, umebadilisha upande tu.

Niandikie cheti. Usipoandika nitakuja kumchukua bila hicho, nasi tutatembea kutoka parokia hadi parokia mpaka tufike tutakakofika.

Keziah


Ormsea, 7 Aprili 1784

Binti Keziah,

Nilikaa siku tatu na barua yako. Siku ya nne nikamuuliza. Alisema, "Nawapenda hawa, lakini Kezi ni mwanangu."

Cheti hiki hapa. Wazee wa kanisa wote wawili wametia saini kama sheria inavyotaka. Imechukua muda kwa sababu Bwana Wray hapendi kukimbizwa.

Jabez Crane


Harnwick, 15 Aprili 1784

Bwana Crane,

Nimekipeleka cheti kwa karani wa mahakimu, Bwana Fitch, ili kigongwe muhuri. Yaliyotokea nayaandika yalivyo.

Alikisoma akitafuna mkate wa jibini. Akaacha kutafuna. Akauliza, "Nani alikupa hiki?"

"Msimamizi wa Ormsea."

"Na hawa wazee wa kanisa, Wray na Tibb, umewaona?"

"Sijawaona, bwana. Kwani wana nini?"

Alipanda ngazi, akashusha bunda la karatasi za zamani, akazifungua. Akaweka saini ya zamani ya Aldous Wray kando ya hii yako. Mkono ni ule ule, na mkia wa herufi ya mwisho umepinda vile vile. Ya Tibb hali kadhalika. Akaniambia, "Binti, Wray nilimzika mimi mwenyewe mwaka 1772. Nilibeba jeneza, bega la kushoto. Tibb alizama na nyumba yake." Kisha akapitisha kidole gumba juu ya jina, na wino ukamganda kidoleni. Ulikuwa mbichi, bwana, na barua ilikuwa njiani siku sita.

Nikamuuliza, "Basi hakifai?"

Akanywa maji. Akanywa tena. Akasema, "Sheria inadai saini. Haisemi kitu kuhusu pumzi." Akagonga muhuri upesi upesi na kunisukumia ile karatasi kwa ncha ya rula, kama mtu anayeondoa nge mezani.

Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Umekisoma chote? Kimeandikwa Tamar Thurlow na binti yake Keziah, wote wawili watu halali wa Ormsea."

Nikamwambia amekosea. Mimi ni wa Harnwick, nimefanya kazi kwa Bibi Loveday miaka kumi na mmoja, na anayeajiriwa mwaka mzima hupata makazi hapo hapo.

"Mwaka mzima kamili?" akauliza.

Kila mwaka, siku moja kabla mwaka haujatimia, Bibi Loveday hunilipa, huniambia nikapumzike, na kesho yake huniajiri upya. Hunipa na keki. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikimshukuru kwa siku ile.

Kwa hiyo huyo aliye njiani ni mimi. Ulijua tangu mwanzo. Nakuja tarehe tatu Mei na mkokoteni wa Obadiah, na sitakaa.

Keziah


Thornhoe, 10 Mei 1784

Binti Thurlow,

Nimesikia umemtoa mama yako Ormsea na uko naye Harnwick kwa cheti. Ni juu yako. Nakuonya tu asikanyage Thornhoe.

Ila umeshafika huko, na mimi nina watu saba hapa wanaotutafuna majira haya ya njaa, wakiwemo akina Bloy wote wanne. Nimechunguza babu zao na naona Ormsea inaweza kupatikana. Nijulishe kama yule mzee bado anapokea, na kama ana nafasi ya saba kwa mpigo.

Silas Pask


Harnwick, 13 Mei 1784

Bwana Pask,

Umeuliza kuhusu nafasi. Acha nikueleze nafasi ya huko ilivyo.

Tulifika karibu na mchana. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na ukungu, kwa hiyo usiseme macho yalinidanganya. Bwana Crane alikuwa kwenye jiwe. Ni mzee mrefu, amekonda, macho yake yana ukungu wa uzee, na akinisalimia alinishika uso kwa vidole kama kipofu. Akaniongoza kanisani. Mlango uko na kuta mbili ziko, lakini mahali palipokuwa na madhabahu hapana ukuta tena. Unaona bahari. Makaburi yote yamekwenda. Katikati pana meza ndefu ya milango iliyoungwa, milango ya nyumba zilizokwenda, mingine bado ina vitasa. Juu yake bakuli arobaini na moja, zote zinafuka mvuke.

Mama alikuwa kichwani mwa meza karibu na moto. Amenenepa, Bwana Pask. Vidole vyake vinafanya kazi. Alinikumbatia, tukalia kidogo, akanikalisha, akaninong'oneza sikioni, "Usishtuke, na usiseme neno."

Kengele ya mnara ililia mara moja, na hakuna aliyeivuta. Bwana Crane akafungua daftari. Akasoma, "Hester Voss." Na kutoka kwenye kiti kitupu mbele yangu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono, sauti ya mwanamke mchovu ikasema, "Nipo."

Akasoma, "Na mtoto wake." Kitoto kikalia kidogo, kikanyamaza.

Aliendelea hivyo mpaka mwisho. Aldous Wray, nipo. Enoch Tibb, nipo. Wengine sauti zao zilikuwa za watoto. Maji yalidondoka kutoka kwenye viti hadi sakafuni, nikayaona yakitambaa mpaka kwenye viatu vyangu, nikainua miguu. Akasoma Tamar Thurlow, na mama yangu akaitika kwa sauti kubwa, kama mtu aliye sokoni. Kisha akasoma, "Keziah Thurlow."

Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nakwambia ukweli, nilitaka kuitika. Hujawahi kuitwa na watu wanaokungoja hivyo. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usiitike, mwanangu. Mimi nimeshaitika, yangu yamekwisha. Anayeitika hapa hana pengine tena."

Aliniita mara tatu. Ya tatu sauti yake ilikatika. Nikautoa mkono wa mama, nikamwambia, "Bwana Crane, unataka nife?"

"Hapana, binti. Nataka usome," akasema. "Macho yangu yanakwisha na mnara huu hautaiona Krismasi. Nikinyamaza, nani atawaita? Watarudi barabarani, kutoka jiwe hadi jiwe, kila mlango ukiwaambia si wetu."

Nikatazama vile viti. Nilimwogopa sana yule mzee njia nzima, na sasa sikumwogopa hata chembe. Nikamwambia, "Basi waandikie cheti."

"Nani?"

"Wote. Umemwandikia mama yangu, unashindwa kuwaandikia wengine? Watu halali wa Ormsea, wana ruhusa ya kukaa Harnwick. Nitaondoka na daftari, nitawasomea huko. Jina langu nitaliruka."

Akacheka, na mama anasema hajawahi kumsikia akicheka. Akaandika ukurasa mzima. Ulipofika wakati wa saini za wazee wa kanisa, akaweka karatasi mahali patupu mezani, na mimi nikageuza uso kutazama ukuta. Nikasikia kalamu ikikwaruza mara mbili. Ya kwanza ilichukua muda mrefu.

Mama alimwuliza, "Na wewe je, mzee? Panda." Akasema msimamizi haondoki kwenye parokia yake. Mama alimgombeza mpaka akachoka, akamwachia shali yake.

Tukatembea hadi jiweni tukiwa wanawake wawili, na kwenye mchanga nyuma yetu palikuwa na nyayo nyingi kama za watu watokao ibadani. Tulipopanda, mama akamwambia Obadiah, "Ngoja kwanza, kuna mwenye mtoto." Obadiah hakuuliza. Alingoja. Mkokoteni ukainama, ukainama tena, ukaendelea kuinama mpaka mbao zake zikalia. Kila kilima farasi alisimama akitweta, povu mdomoni, na Obadiah akishuka kumsukuma alikuwa akisema, "Twende baba, twende, ni watu tu hawa." Hakututoza nauli. Tangu siku ile yuko kitandani kwa uchovu.

Basi nafasi iko kwangu, Bwana Pask. Hao saba ukiwapandisha mkokoteni, sitakata rufaa, nitawaandika. Lakini nitawasoma hapa mchana nikitaja na jina la aliyewaleta, na sijui wenzangu watafanya nini wakilisikia. Kama hutaki kujua, wape akina Bloy mkate.

Keziah Thurlow
Msomaji wa Ormsea


Thornhoe, 17 Mei 1784

Binti Thurlow,

Umerukwa na akili kama mama yako. Akina Bloy wamepewa mkate na kuni za wiki nne. Ni kwa sababu ya majira tu. Barua yako haihusiki. Usiniandikie tena. Na niambie, kwa nini tangu jana kizingiti changu kina maji?

S. Pask


Harnwick, 2 Juni 1784

Mzee wangu Crane,

Nimekuandikia mara mbili na hukujibu. Hii ni ya tatu.

Mama hajambo. Fundi wa matandiko analalamika kwamba tuna wageni wengi wanaopanda ngazi, na kila akichungulia haoni mtu ila ngazi zimelowa. Mama anamwambia ni nguo alizofua. Siku tatu za mwanzo nilisoma majina na hakuna aliyeitika ila mama, nikadhani wamepotea njiani, nikalia. Siku ya nne Hester akaitika kutoka karibu na dirisha. Tangu hapo wanaitika wote. Mtoto wake amezoea. Mama huwa naye magotini akisokota, kwa gurudumu la kuazima. Nimeacha kazi kwa Bibi Loveday. Alinipa keki.

Jana nilisoma kama kawaida. Jua lilikuwa dirishani, mkate uko mezani. Nikafika mwisho, nikaliruka jina langu, nikafunga daftari. Ndipo sauti ikatoka upande wa mlango, sauti ya mwanamume, imejaa haya, kama mtu asiye na uhakika kama amealikwa. Ikasema, "Nipo."

Sikuwa nimesoma jina lolote.

Sikugeuka. Nilifungua tena daftari, nikachovya kalamu, nikaandika Jabez Crane kwa herufi nzuri kadiri nilivyoweza, chini ya wengine wote. Mama hakuinua uso kwenye sufu yake. Akasema, "Mwambie aje motoni. Ametembea mbali."

Kwa hiyo barua hii siipeleki posta. Nitakusomea mchana, baada ya majina.

Keziah